Moja ya Baba, Saba ya Mama

Kwa karibu miaka mitatu shule ya binti yetu ilikuwa meza ya jikoni. Tulipanga kijumba cha uani kule Observatory, Johannesburg, chumba kimoja cha kulala na jiko lililojifanya sebule, na meza yenyewe ilivikwa kitambaa cha plastiki chenye picha za machungwa. Juu ya machungwa hayo mtoto alijifunza kusoma, kujumlisha, kugawanya, na kumjibu mama yake kwa Kiingereza. Hilo la mwisho hakufundishwa na mtu.

Sikuwahi kuota ualimu. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Tanga, na siku subira ilipokuwa inagawiwa nadhani nilichelewa kufika. Lakini mwaka 2016, binti alipotimiza miaka saba, karatasi zetu za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, na kila shule tuliyobisha hodi ilisema imejaa, tujaribu mwakani. Mume wangu, mtu wa Lubumbashi kule Kongo, akasema mtoto hawezi kukaa anatazama katuni akisubiri muhuri.

"Tutamufundisha siye benyewe," akasema.

Alisema "siye" na kutazama upande wangu. Yeye alikuwa mlinzi wa ghala Midrand, zamu ya usiku, na mchana alilala. Lakini sikubisha. Lengo letu lilikuwa moja tu: karatasi zikitoka, mtoto apimwe na aingizwe darasa la umri wake. Alikuwa mrefu tangu akiwa mchanga, karithi kwa baba yake, na mimi nilikuwa nikimwona akilini ameketishwa katikati ya watoto wa gredi ya kwanza, mkubwa peke yake, akichekwa. Picha hiyo ilininyima raha. Nikichoka kufundisha niliikumbuka, nikaamka.

Tulianza na vitabu vya mazoezi, vile ambavyo mtoto anaandikia humo humo ndani. Nilikwenda Randburg kwenye duka kubwa la vitabu na nikasimama mbele ya rafu mpaka muuzaji akaja kuniuliza kama naumwa. Vilikuwa vingi, vya kila rangi, na vyote viliahidi mtoto atakuwa hodari. Mimi nilichagua kama ninavyochagua kitambaa: nikakishika, nikakipinda, nikatazama mgongo kama umeshonwa au umegandishwa kwa gundi tu. Kilichonishinda nguvu kilikuwa kinene, kimeshonwa vizuri, na ndani kilikuwa na nyota za dhahabu za kubandika. Nikarudi nyumbani nimekikumbatia kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Kumbe kilikuwa kimeandikwa ng'ambo. Mtoto alitakiwa kuhesabu sarafu za nchi ambayo hajawahi kuiona, na kwenye ukurasa wa Desemba awavishe watoto makoti ya theluji. Desemba ile sisi tulilala madirisha wazi kwa joto. Binti aliwachora watoto wale wote wamevaa nguo za kuogelea, kisha akajibandikia nyota tatu za dhahabu, moja kwenye paji la uso. Nilimgombeza, halafu nikaenda chumbani kucheka.

Cha pili nilinunua cha hapa hapa Afrika Kusini, na hicho nacho kikanivua nguo. Kilisema: chora roboti, ulipake rangi. Mtoto akachora mti na juu yake duara tatu, nyekundu, njano na kijani. Nikamwambia roboti lina mikono na miguu, ni mtu wa bati, futa. Akanitazama kwa huruma.

"Mama, roboti! Lile la kona, pale tunavuka."

Na mimi ndiye niliyekuwa nikisema kila siku, tukienda dukani, geuka kushoto kwenye roboti, yaani kwenye taa za barabarani. Mdomo ulikuwa umeshahamia Johannesburg, lakini nikifungua kitabu akili ilirudi Tanga. Basi nikaomba radhi kwa mwanafunzi wangu, naye akanisamehe kwa masharti ya kupikiwa chapati.

Aliyeniokoa alikuwa mama mmoja Mkenya aliyekuwa akiishi Randburg. Yeye aliwasomesha wanawe wawili nyumbani kwa kupenda, si kwa kukosa nafasi, na Jumamosi alitukaribisha wazazi wachache sebuleni kwake, tulete vitabu vya watoto avitazame. Alikitazama kile kinene changu akakirudisha mezani kwa vidole viwili.

"Dada, wewe ulinunua unene," akasema. "Sasa nani atamaliza hii yote?"

Alinifundisha mambo ambayo nayashukuru hadi leo. Tazama kama nafasi ya kuandikia inatosha mkono wa mtoto, usitazame picha. Anza na kitabu kilicho chini kidogo ya uwezo wake, ashinde kwanza, apate moyo. Kurasa za majibu zilizo mwishoni zikate siku hiyo hiyo uliyonunua, uzifiche. Mimi nilizificha ndani ya mfuko wa vitambaa, mtoto akazipata wiki ya kwanza. Nikazihamishia kwa jirani.

Pia alinielekeza kwenye duka la mitumba la kanisa, ambako vitabu vilivyotumika viliuzwa pamoja na vikombe visivyo na visahani. Vingi vilikuwa vimejazwa kwa penseli na watoto wengine. Tulivichukua, tukakaa mimi na binti alasiri nzima, kila mtu na kifutio chake, tukivifuta ukurasa kwa ukurasa mpaka meza ikajaa vumbi la raba na machungwa yakapotea. Kitu ninachokitamani zaidi cha siku zile ni alasiri hizo za kufuta. Dirisha lilikuwa wazi, redio ya jirani ilipiga nyimbo za Kizulu, na sisi tulikuwa hatusemi kitu cha maana. Mtoto aligundua kwamba ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga unaona alama za penseli ya yule wa mwanzo. Nilidhani ataiba majibu. Alipoiba mara mbili akakuta yule mwenzake alikuwa mbumbumbu wa kutoa, akaacha.

Kusoma na kuandika kulikuwa kwangu, baada ya chakula cha mchana. Asubuhi ilikuwa ya baba yake. Alifika kutoka kazini mtoto ameshaoga, akavua buti mlangoni, akakaa na sare yake vile vile, nikamwekea chai na mkate, naye akaanza hesabu kabla ya kwenda kulala. Kiingereza cha vitabu kilimshinda. Kwa hiyo binti alimsomea swali, akamtafsiria kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, na baba akachukua tarakimu akaondoka nazo. Alihesabu kwa Kifaransa chini ya pumzi, akajibu kwa Kiswahili cha Lubumbashi, mtoto akaandika kwa Kiingereza. Walielewana kabisa. Mimi nilikuwa pembeni kwenye cherehani na niliiendesha polepole ili nisikie wanavyocheka.

Kugawanya walikufanya kwa njia ya kwao Lubumbashi, mstari mmoja umesimama, mwingine umelala, kigawanyo kimekaa kulia na jawabu chini yake. Visanduku vya kitabu havikuwa na nafasi ya mambo hayo, wakawa wanafanyia pembezoni, kisha mtoto anahamisha jawabu. Mimi niliyefundishwa kujenga kibanda na kuweka jawabu juu ya paa sikuingilia. Jawabu lilikuwa sahihi, basi.

Mwaka 2018 karatasi zikatoka. Shule moja ya msingi, si mbali na kwetu, ikasema mtoto aletwe Novemba apimwe. Akifanya vizuri angeanza gredi ya nne Januari, na wenzake wa umri wake. Akishindwa wangemrudisha chini mpaka pale watakapoona anafaa. Nilimpigia yule mama Mkenya siku hiyo hiyo, akasema nimlete Jumamosi ampe jaribio kama la shule, amsahihishie kama watakavyosahihisha wao, bila huruma.

Mtoto alikaa chumba cha kulia, akamaliza mapema, akatoka anatabasamu. Baada ya muda mwenye nyumba akaja na karatasi, uso umebadilika.

"Dada, huyu mtoto hesabu anajua ama hajui? Kusoma yuko sawa kabisa. Lakini hapa amenichanganya."

Karatasi ilikuwa nyekundu tupu. Ishirini na moja kaandika ishirini na saba. Kumi na moja kaandika sabini na saba. Binti aliitazama, akaweka uso kwenye mkono wa sweta.

"Hiyo ni moja," akasema ndani ya sweta. "Nilipata. Hiyo ni moja!"

Nikaichukua ile karatasi, nikaitazama vizuri, nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote. Baba yake aliandika moja kama wanavyoiandika kwao, anaanzia chini, anapandisha mstari mrefu wa mshazari, ndipo anashuka. Moja yenye pua. Kwake haina tatizo, kwa sababu saba yake ina mstari katikati, kama mkanda kiunoni, na huwezi kuzichanganya. Mimi saba yangu haina mkanda, na moja yangu ni kijiti kitupu. Nami sina tatizo. Lakini mtoto wetu alichukua moja ya baba na saba ya mama, na hizo mbili ukiziweka jirani ni pacha. Mimi nilizizoea kama unavyozoea sauti ya mtu wa nyumbani, nikasahihisha vitabu rafu nzima bila kugundua.

Yule mama Mkenya alicheka mpaka akakaa. "Ndoa yenu iko hapa kwa karatasi," akasema. Kisha akawa mkali. "Lakini mwalimu wa shule hatajua mambo ya ndoa yenu. Ataweka kosa aendelee na mwingine. Rekebisheni."

Mimi ni mtu wa pupa. Jumatatu asubuhi, mume wangu hajamaliza hata mkate, nilimwekea karatasi ile mezani nikamwambia moja yake itamrudisha mtoto kwa wadogo.

Akaitazama. Akaendelea kutafuna.

"Moya iko vile," akasema. "Shule yote nilisoma na moya ile. Saba yako njo iko na kosa. Iko bila mukaba. Saba bila mukaba, suruali itaanguka!"

Mtoto akacheka. Mimi nilikuwa sina kicheko.

"Tanga nzima tunaandika hivyo, Baba, na hakuna aliyevuliwa suruali. Hapa walimu wanaandika kijiti. Mtoto ataandika kijiti."

"Aweke mukaba ku saba. Itaisha."

"Na mwalimu akikutana na hiyo moja kabla hajakutana na saba, ataisomaje? Unataka akae na watoto wadogo kwa sababu ya pua?"

Mume wangu akamtuma mtoto uani akatazame kama nguo zimekauka, ingawa zilikuwa zimeanikwa muda huo huo. Mlango ulipofungwa akasema kwa sauti ya chini, macho kwenye kikombe.

"Mama, Kingereza sijue muzuri. Kumusomea vile vitabu siwezi. Ile moya njo kintu nilimupatia."

Nilijiona mdogo. Nilitaka kumwambia amempa mengi, amempa urefu, amempa kicheko, lakini mtoto akarudi kusema nguo bado mbichi. Akaenda kulala. Mimi nikakaa na cherehani yangu na hasira zangu, na hasira zenyewe sikujua ni za nani.

Sikuacha, lakini. Alasiri baba akiwa amelala nilimfungulia mtoto ukurasa mtupu, nikamwambia ajaze vijiti. Kwa mwalimu, kijiti.

"Na kwa Papa?"

"Kwa Papa andika unavyopenda."

"Eish, Mama," akasema, kwa sauti ya mtu mzima aliyechoshwa na watu wazima. Akajaza.

Asubuhi iliyofuata nilisikiliza mezani. Walikuwa kwenye hesabu za kuzidisha. Nilipopita kuchukua birika nikaona mtoto ameandika moja zenye pua, ndefu kuliko hata za baba yake. Baba alimkatia kipande cha mkate wake. Iliendelea hivyo hadi Novemba, asubuhi pua, alasiri vijiti, na mimi nikaogopa kwamba tumemgawanya mtoto na siku ya mtihani mkono hautajua uwe wa nani.

Siku yenyewe mume wangu alitoka kazini moja kwa moja akatukuta getini mwa shule, sare imekunjamana, macho mekundu. Mwalimu, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, akamchukua mtoto, akafunga mlango. Tulikaa kwenye benchi la korido chini ya michoro ya watoto. Nilikuwa nasali na kulaumu kwa zamu. Mume wangu alilala ameegemea ukuta, mdomo wazi, na sikumwamsha kwa sababu nilijua akiamka tutaanza tena.

Mlango ulipofunguliwa mwalimu alikuwa ameshika karatasi, na mtoto alisimama nyuma yake akivuta soksi. Akasema wanampokea gredi ya nne. Akasema hesabu zake ni nzuri sana, akauliza nani alimfundisha. Nilimwonyesha mume wangu kwa kidole. Alikuwa ndiyo kwanza anajifuta mdomo, hakuelewa kaulizwa nini, akasimama wima kama mbele ya bosi.

Mwalimu akatupa karatasi tuitazame. Macho yangu yalikwenda kwenye moja kabla ya kitu kingine. Zilikuwa vijiti, zote, zimenyooka. Nikashusha pumzi. Ndipo nikaona saba. Kila saba ilikuwa imefungwa mkanda kiunoni, umekazwa vizuri. Tangu asubuhi ile ya mabishano hakuna aliyemwambia. Mimi nilimwambia habari ya moja tu, na baba yake alikuwa ameshanyamaza.

"Sasa hakuna mtu atachanganya," binti akasema, akipandisha bega. "Sharp, sawa?"

Baba yake alishika karatasi ile hadi mwalimu akanyoosha mkono kuichukua, naye bado kaishika. Akapitisha kidole juu ya saba moja, halafu nyingine. Nje, tukitembea kwenda nyumbani, alimbeba mgongoni mtoto wa miaka tisa mwenye miguu mirefu namna ile, watu wakatugeukia, nami nilitembea nyuma nimebeba kofia ya kazi na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Januari 2019 akaanza shule. Nilimshonea sketi ya sare mwenyewe, pindo pana la kuteremsha baadaye. Gari la kuchukua wanafunzi lilipita mapema, na siku ya kwanza nilihangaika na soksi na chakula cha mchana nikasahau kufikiri. Alipanda, akanipungia mkono, akageuka kuzungumza Kiingereza na msichana wa kiti cha pili. Nikarudi ndani, nikaweka maji ya chai.

Mume wangu aliingia wakati wake ule ule. Akavua buti. Akakaa mahali pake mezani, akasogeza kikombe pembeni kupisha kitabu, kama kila siku, na mkono ukabaki pale juu ya kitambaa cha plastiki.

"Amesha kwenda?" akauliza, ingawa alijua.

"Ameshaenda, Baba."

Ndipo nikapiga hesabu ambayo sikuwa nimeipiga miaka yote nilipokuwa nikihangaikia shule. Mtoto atakuwa anatoka kabla baba hajafika, na atakuwa anarudi baba anafunga buti kwenda Midrand. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa watakutana mlangoni. Nilichokuwa nakitaka nilikipata, na gharama yake ilikuwa imekaa mbele yangu na sare, haina mwanafunzi. Nilijisikia kulia, na nililia kidogo, nimeelekea jiko.

"Basi nilale," akasema. Lakini hakuinuka.

Nikafuta uso kwa kanga. Nikatoa kitabu cha hesabu ambacho hawakukimaliza, nikakaa kwenye kiti cha mtoto, nikamwambia anifundishe kugawanya kwa njia ya kwao. Alinitazama akidhani namtania. Alipoona nimeshika penseli akavuta kiti, akachora mstari uliosimama na mstari uliolala, akaanza kueleza, Kifaransa chini ya pumzi na Kiswahili juu yake. Alieleza mpaka chai ikapoa. Sikuelewa kitu, na kesho yake asubuhi nikakaa tena.